Baba Aulizwapo Habari za Mwanawe

Bila shaka unausoma ukurasa huu ukiwa umetulia, chai iko mezani, na pengine mtoto mmoja amekwisha kulishika gazeti upande wa pili akitaka kuona picha. Mpe karatasi ya michezo, nawe baki na hii, kwani leo nataka tuzungumze habari za huyo huyo anayelivuta gazeti.

Katika nyumba yetu, yaani vyumba viwili tulivyopanga katika mtaa mmoja wa Temeke, Dar es Salaam, wamo watoto wawili. Mkubwa ni wa kiume, naye hajatimiza miaka 3. Kwa kuwa amerithi jina la baba yangu, hapana anayethubutu kumkaripia kwa jina hilo, na kwa hiyo sote humwita Babu. Mdogo ni wa kike, ana miezi 10, amerithi jina la mama mkwe wangu. Huyo tunamwita Bibi. Usishangae basi nikikuambia kwamba jana asubuhi Babu alimpokonya Bibi kijiko, Bibi akamng'ata Babu sikio, nami kijana wao ikanibidi kuwaamua wazee hao kabla uji haujaungua.

Kila siku ya kazi, tangu alfajiri hadi saa 8 mchana, mlezi wa wazee hawa wawili ni mimi. Nitakueleza namna mambo yalivyofikia hapo.

Mama yao anafanya kazi kiwandani, zamu ya asubuhi, nami kazi yangu ya gazeti huanza mchana ikaishia usiku. Alipojifungua Bibi alipata likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, kama ilivyowekwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Na lau angalijifungua pacha angalipata siku 100. Baba naye hakusahauliwa katika sheria hiyo. Aliwekewa siku zisizopungua 3 zenye malipo, mradi azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Alipozaliwa Babu nilizichukua siku hizo, nikazimaliza zote katika kuwapokea wageni na kutafuta pilipili manga ya uji wa mzazi. Mtoto mwenyewe sikumwogesha hata mara moja.

Likizo ya mama ilipokwisha, nyumbani alibaki msichana tuliyemwajiri, ambaye watoto walimwita Dada. Bibi alipofikia miezi 6 na nusu, Dada aliaga kwenda kwao kumwuguza mama yake. Hatukuwa na haki ya kumzuia, wala hatukuwa na mwingine wa kumweka mahali pake.

Usiku ule mimi na mwenzangu tulikaa na kalamu na karatasi. Tulihesabu zamu yake, zamu yangu, nauli na kodi ya vyumba. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mama anyonyeshaye apewe nafasi ya kumnyonyesha mwanawe wakati wa kazi, isiyozidi saa 2 kwa siku. Wakubwa wake walimkubalia azitumie saa hizo mwishoni mwa zamu, ili aondoke saa 7 badala ya saa 9. Akipata daladala upesi huwa nyumbani saa 8 na nusu. Mimi hunipasa kuondoka saa 8 kamili. Ile nusu saa iliyobaki aliichukua mama mwenye nyumba, mjane mtu mzima tunayemwita Bi Mkubwa. Hesabu ikakamilika. Ndipo nikamwambia mwenzangu, kwa sauti ya mtu atoaye sadaka kubwa, "Usitie shaka, mama watoto. Mimi nitakusaidia."

Alinitazama, akaikunja ile karatasi, akaenda kulala.

Neno hilo la kusaidia nakuomba ulishike, ndugu msomaji, maana tutalirudia.

Kazi yenyewe huanza saa 10 na nusu alfajiri. Mwenzangu humnyonyesha Bibi, kisha hukamua maziwa mengine katika kikombe safi chenye kifuniko, nami huyaweka katika jokofu la Bi Mkubwa. Chupa hatutumii. Wauguzi walitufundisha kwamba chupa na chuchu yake ni vigumu kusafishika, na kwamba hata mtoto mchanga aweza kunyweshwa kwa kikombe kidogo. Saa 11 na robo mama yuko kituoni. Saa 12 Babu huamka, na swali lake la kwanza ni "Mama yuko wapi?" Hujibiwa kwamba yuko kazini. La pili, "Kazini wapi?" La tatu, "Kwa nini?" Katika kazi yangu nimekwisha kuwahoji watu wengi wenye vyeo, lakini sijapata kuona mhoji asiyechoka kama huyu.

Hapo ni wakati wa uji. Zamani nilidhani kwamba uji ni uji. Sasa najua kwamba uji wa mtoto wa umri wa Bibi hauna budi kuwa mzito kiasi cha kukaa katika kijiko usichuruzike, kwani uji wa majimaji hujaza tumbo usilishe mwili. Na kwamba unga wa mahindi peke yake hautoshi, bali hutiwa karanga zilizosagwa laini, au maziwa. Mchana hupata viazi vilivyopondwa pamoja na mchicha na dagaa waliotwangwa. Bibi hula nusu, na nusu nyingine huipaka ukutani. Kisha huja kuoga, beseni moja baada ya jingine, na ndoo zote hufunikwa, kwa sababu mtoto mdogo aweza kufa maji katika ndoo isiyojaa hata nusu. Kisha huja nepi.

Hapa sina budi kumtaja Babu kwa heshima. Alipoletwa Bibi nyumbani, Babu alikuwa amekwisha kuacha kukojoa kitandani, akaanza tena. Alikuwa amekwisha kujua kunywa kwa kikombe chake. Akataka cha Bibi. Aghalabu alipodhani kwamba hatumwoni alimfinya mwenzake mguu, kisha akakimbia kuja kutuarifu kwamba Bibi analia. Mara moja nilimchapa kofi la mkono. Hakulia. Alinitazama tu, akaenda kusimama nyuma ya mlango, na asubuhi yote hakuniuliza swali hata moja. Tangu siku ile sikurudia. Nilianza kumpa robo saa yake peke yake, Bibi anapolala usingizi wa asubuhi. Tunakaa barazani kuhesabu daladala zinazopita, naye huzihesabu moja, mbili, tano, kumi. Tena nikampa kazi. Yeye ndiye mtunzaji wa nepi. Nikisema, "Babu, nepi," huleta iliyo safi, huipokea iliyovuliwa, huishika kwa vidole viwili, hutangaza kwa sauti kubwa kama ni ya mvua au kavu, kisha huitupa katika ndoo yake.

Siku ya kwanza nilipotoka uani Bibi yu mgongoni kwa mbeleko, nikianika hizo nepi, jirani mmoja alisimama akaniambia, "Pole sana, bwana. Mama yao amepatwa na nini?" Vijana wanywao kahawa penye kona walinibatiza jina la Mama Bibi. Nilicheka pamoja nao. Lakini moyoni, ndugu msomaji, nilijiona shujaa. Nilijilinganisha na wanaume wote wa mtaa ule, nikajipa maksi za juu.

Ushujaa huo uliishia siku ya Jumanne ya juma la pili.

Bibi alikuwa ndiyo kwanza ana miezi 7. Asubuhi ile aliharisha mara moja, nikamfuta. Akaharisha tena, nikamfuta. Nilikuwa na makala ya kumaliza, nayo ilikuwa kichwani kuliko mtoto aliyekuwa mgongoni. Kufika saa 4 alikuwa amelegea, hataki kijiko, na macho yake yameingia ndani. Mwanamke mmoja aliyekuja kuteka maji alimfunua kinywa akasema kwa yakini, "Haya ni meno ya plastiki. Yuko mzee nyuma ya soko anayeyatoa, haichukui hata dakika tano."

Nitasema kweli. Nilikwisha kutoa fedha katika mkoba. Mimi mwenye stashahada ya uandishi wa habari, niliyekwisha kuzisikia mara nyingi nasaha za madaktari juu ya imani hiyo, nilikuwa tayari kumpeleka mwanangu kwa mtu mwenye kisu, kwa sababu nilikuwa nimeshikwa na hofu, na yule mzee alikuwa karibu. Madaktari wanatufahamisha kwamba meno ya plastiki hayapo. Kile kichokolewacho katika ufizi wa mtoto ni chipukizi la jino lake mwenyewe ambalo halijatoka. Nacho huchokolewa kwa chombo kichafu, jeraha likatunga usaha, damu ikapotea, huku ugonjwa wenyewe, yaani kuharisha au homa, ukiachwa kuendelea.

Aliyenizuia ni Bi Mkubwa. Hakupaza sauti. "Mwanangu," aliniambia, "wangu wa tatu walimchokoa ufizi kwa maneno haya haya. Siku ya tano tukamzika. Chukua kadi ya mtoto uende hospitali."

Nami sikujua kadi iliko. Nilipekua sanduku, nikainua godoro, nikafungua mikoba ya mama yao. Kadi ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni uliotundikwa nyuma ya mlango, kwenye msumari ule ule ambao kila siku natundikia shati langu.

Tulikwenda kituo cha afya watu watatu, Bibi kifuani, Babu mkononi. Muuguzi alimpokea mtoto, akamfinya kidogo ngozi ya tumbo kuona kama itarudi upesi, akaanza kuniuliza.

"Baba, ameanza lini kuharisha?"

"Leo asubuhi," nikajibu. Kisha nikakumbuka kwamba mama yao alinieleza jambo fulani alfajiri, nami nikaitikia naam nikiwa ningali usingizini. "Au tuseme jana, Sista."

"Mara ngapi?"

"Nyingi."

"Choo kina damu?"

Sikuwa nimeangalia.

"Mara ya mwisho amekojoa lini?"

Nilinyamaza. Ndipo sauti ikatoka chini, kwenye goti langu. "Nepi kavu," alisema Babu. "Bibi nepi kavu. Choo tu."

Muuguzi aliacha kuandika akamtazama Babu, kisha akanitazama mimi. "Anayekaa na mtoto nyumbani ni nani?"

"Ni mimi, Sista. Namsaidia mama yake."

"Vema," alisema kwa upole. "Basi tumpigie simu mama yake atueleze."

Hakukusudia kuniumiza. Alikuwa akitafuta habari, na kwangu hazikuwapo. Nilipiga simu kiwandani, nao wakamwita. Mwanamke yule, amesimama kando ya mashine yake, bila karatasi wala kalamu, alieleza yote. Kwamba mtoto alianza jana saa 2 usiku, aliharisha mara 3 kabla ya kulala na mara 2 usiku, damu hakuna, alitapika mara moja, alikojoa mara ya mwisho saa 9 usiku, jana mchana alikula viazi na jioni uji, na uzito wake kliniki ya mwisho ulikuwa kilo 7 na nusu. Na kwamba haya yote alinieleza mimi alfajiri.

Tulikaa pale muda wa saa 4. Muuguzi alikoroga pakiti ya chumvichumvi, ile ijulikanayo kwa herufi ORS, katika lita 1 ya maji safi, akanipa kikombe na kijiko. Kazi yangu ilikuwa kumnywesha kidogo kidogo bila kukoma, na akitapika kungoja kama dakika 10 kisha kuanza tena polepole zaidi. Kijiko, kijiko, kijiko. Babu alilala juu ya benchi, kichwa juu ya kiatu changu. Mama yao alifika akamnyonyesha, tukaendelea na kijiko. Saa 9 na dakika chache Bibi alikojoa, akailowesha suruali yangu tangu kiuno hadi goti. Sijapata kufurahia suruali kuloa kama siku ile. Tulipewa vidonge vya zinki vya siku 10, tukaagizwa tusiache kumnyonyesha wala kumlisha, tukarudi nyumbani.

Usiku, baada ya kazi, sikupata usingizi. Nilikaa nikiyahesabu maswali ya yule muuguzi, nikaona kwamba nayajua. Ndiyo maswali tuliyofundishwa chuoni juma la kwanza: nani, nini, lini, wapi, kwa nini, namna gani. Kwa maswali hayo nilipata stashahada, na kwayo ninalipwa mshahara. Siku ile ile mfukoni mwangu mlikuwa na daftari lenye idadi ya madawati ya shule moja, jina la fundi aliyeyatengeneza na aina ya mbao. Juu ya mwanangu halikuwa na mstari hata mmoja.

Nikaelewa pia kwa nini mwenzangu alikunja karatasi akaenda kulala. Bi Mkubwa anatusaidia. Ile nusu saa yake ni msaada, nasi twamshukuru. Lakini anayesema kwamba anasaidia amekwisha kumtaja mwingine kuwa mwenye kazi, na msaidizi ana ruhusa ya kutojua. Mtoto akiharisha, ruhusa hiyo humwangukia mtoto.

Kesho yake nilinunua daftari la kurasa 64. Nikalitoboa tundu, nikalitundika nyuma ya mlango kwenye msumari wa kadi, kalamu imefungwa kwa uzi. Shati langu lilihamia msumari mwingine. Katika daftari hilo kila anayekaa na watoto huandika saa, nani amekula na kiasi gani, choo kilikuwaje, mkojo, homa, dawa, na jambo lolote jipya. Mama huandika usiku, mimi huandika asubuhi, Bi Mkubwa hutamka nasi tukamwandikia. Babu huchora mistari yake pembeni, naye hukasirika asipopewa nafasi.

Sasa daftari lina mengi. Bibi alipotimiza miezi 9 nilimpeleka mimi kupata chanjo ya surua na rubela, na katika kadi na katika daftari imeandikwa kwamba ya pili atapata akiwa na miezi 18. Muuguzi wa siku hiyo, ambaye si yule wa kwanza, aliniuliza maswali yake. Nilijibu yote. Daftari lilikuwa nyumbani mlangoni.

Ndugu msomaji uliye baba, sikuandiki haya ili uache kazi ukae nyumbani. Wengi wetu zamu zetu haziruhusu, na mkate hautafutwi kitandani. Nakuuliza machache tu. Kadi ya kliniki ya mwanao iko wapi sasa hivi, unaposoma? Chanjo yake ijayo ni lini? Jana alikula nini? Kama huwezi kujibu, usione haya, hata mimi nilikuwa hivyo hivyo. Muulize mama yake leo, kabla siku haijaingia jioni.

Na jambo hili likate ulitunze. Mtoto akiharisha, aendelee kunyonya na kula, na anywe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Pakiti isipopatikana upesi, chukua lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, ukoroge. Vipimo hivyo usivizidishe, hasa chumvi, kwani ikizidi humdhuru mtoto. Mpe kidogo kidogo, huku ukifanya safari ya kituo cha afya. Ukiona amelegea mno, macho yameingia ndani, hawezi kunywa, anatapika kila anachopewa, ana damu katika choo, au ameshikwa na degedege, usingoje kupambazuke. Na anayekushauri kumpeleka mtoto kwa mchokoa fizi, mshukuru kwa nia yake, kisha shika njia nyingine.

Nimalize kwa habari ya mzee wangu, mwenye jina lake.

Mwezi uliopita baba yangu alitutembelea kutoka kijijini. Siku ya kwanza alinikuta Bibi yu mgongoni, mwiko mkononi. Nikampigia magoti kwa shikamoo. Akaitikia marahaba, akaketi, hakusema neno. Siku ya pili hakusema neno. Siku ya tatu usiku, watoto wamelala, aliniuliza lile daftari la mlangoni ni la nini. Nikamweleza, na habari ya siku ya kuharisha nikamweleza.

Alikaa kimya kitambo. Kisha akanihadithia mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, alipokuwa kijana. Walikuwa wakikusanyika jioni kuizunguka redio moja, kama walivyofanya watu wapatao milioni 2 nchi nzima, wakisomeshana habari za malaria, kuhara damu, safura, kichocho na kifua kikuu. Kisha asubuhi wanashika majembe. "Choo cha kwetu nilikichimba mimi," alisema. "Kuchemsha maji nilijifunza pale, nikamfundisha na mama yako tulipooana. Lakini wewe ulipougua tumbo, na uliugua sana, aliyekesha ni yeye. Mimi nilikuwa nikiambiwa asubuhi. Najua kwamba ulipona. Ulivyougua sikujui."

Sikuwa na jibu la kumpa. Aliomba miwani yake, akaomba na daftari, akawa anasoma ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikifuata mstari, hata mistari ya Babu akaisoma.

Asubuhi nilipoamka, mama yao amekwisha kuondoka, Bibi alikuwa barazani mapajani mwa babu yake, amefungwa nepi kwa fundo ambalo sijapata kuliona. Nikalifungua daftari niandike. Palikuwa na mwandiko mkubwa, wa mtu aliyejifunza kuandika kwa kalamu ya wino, umeandikwa hivi: "Saa 11 na nusu. Mtoto ameamka. Amekojoa. Hakulia. Nimembadili mimi."